Chupa Yako Iko Kwangu

10 Februari

Mama watoto,

Nakusalimu, na watoto nawasalimu mmoja mmoja. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo ni wa kuinamia benchi la karakana, si wa ugonjwa. Najua ungependa nipige simu, ila kwenye simu tunaishia kugombana. Kwenye barua lazima unisikilize mpaka mwisho.

Jana nimeanza chupa ya pili. Vidonge ishirini na nane vimekwisha, bado hamsini na sita. Daktari anasema nikivimaliza bila kurukaruka, hii homa ya ini itatoka kabisa mwilini. Mwaka wa tatu huu sijagusa sindano, lakini kumbe zile za zamani tulizokuwa tunaazimana ziliniachia mgeni kwenye damu. Sasa naye anafukuzwa.

Uliuliza kama kweli wanatuamini na dawa adimu namna hii, watu wenyewe sisi. Hawatuamini hata kidogo, na wana haki. Waliopita waliziuza. Basi kituo kinachotutibu kimeweka utaratibu wake: tunapangwa wawili wawili, na kila mtu anatunza chupa ya mwenzake. Yangu anakaa nayo yeye, yake nakaa nayo mimi. Kila siku saa saba mchana tunakutana, nampa kidonge chake, ananipa changu, tunameza, halafu kila mtu anafungua mdomo mwenzake achungulie. Asipotokea, sina dawa. Nisipotokea, hana. Chupa ikipotea hupewi nyingine, na ukikatisha zaidi ya siku saba unaondolewa, unarudi mkiani kwenye foleni.

Mimi nimepangwa na mzee mmoja, mlinzi mstaafu, mtaratibu sana, ana kikohozi kidogo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote.

Mumeo

*

19 Februari

Baba watoto,

Barua nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilisoma kwa sauti, na watoto walipofika pale pa kufunguliana midomo walianguka chini kwa kicheko. Sasa hivi ndiyo mchezo wao, kila wakila wanachunguliana.

Huyo mzee Mungu amzidishie. Mtu anayekubebea uhai wako mfukoni siwezi kumwacha hivihivi, kwa hiyo nimemshonea shati. Mabega nimekisia, kwa sababu hukuniambia kama ni mpana au mwembamba. Ni la buluu iliyofifia, vifungo vya kahawia, na kwa ndani nimeweka mfuko wenye kifuniko ili chupa yako isimdondoke. Mwambie limetoka kwa mkeo. Mwambie pia mkeo ana wivu hata na mbao unazozipiga randa, kwa hiyo asikuzoeshe maisha ya huko. Ukimaliza, urudi.

Mdogo ameng'oka jino. Anataka ulione kabla halijapotea.

Mkeo

*

27 Februari

Mama watoto,

Shati limefika na mzee amefurahi mno, nusura alie. Amelivaa palepale. Limemkaa vizuri, mikono tu mirefu kidogo, ameikunja. Anakushukuru sana, anasema mikono yako ibarikiwe. Niandalie hilo jino.

Mumeo

*

14 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Asante kwa barua yako. Najua kaka yako ni damu yako na haikuwa rahisi kuniandikia. Wengine wangenyamaza wakanicheka pembeni.

Naomba nirudie ulichoniandikia ili nione kama nimeelewa, maana kichwa kinanizunguka. Ulipita mbele ya kituo saa saba mchana. Kaka yako ameketi kwenye ukuta mfupi, pembeni yake mwanamke, magoti yanagusana. Mwanamke akatoa kidonge akamtia kiganjani. Halafu kaka yako akafungua mdomo wote, na huyo mwanamke akamshika kidevu akachungulia ndani huku anacheka. Na alikuwa amevaa shati la kiume la buluu iliyofifia, vifungo vya kahawia, mikono imekunjwa.

Lo! Wifi, hilo shati nimelishona mimi. Nililala na maumivu ya shingo kwa ajili ya shati hilo. Mzee mlinzi! Mzee mwenye kikohozi! Nimefanywa mtoto mdogo, nimechezewa shere mchana kweupe, na mkono wangu mwenyewe ndio umemvalisha mwanamke wa watu.

Unasema wanamwita Msusi, na kwamba mpaka leo anajidunga. Hilo ndilo limenimaliza. Ningemkuta na mwanamke mzima wa afya ningelia yakaisha. Huyu akimrudisha kwenye sindano, nimepoteza mume mara mbili.

Usimwambie kitu. Jumanne nakuja mwenyewe. Nitamwambia mdogo anaumwa sana, atapanda basi bila hata kuvua aproni ya kazi. Namjua.

Wifi yako

*

18 Machi

Seremala,

Jana nimekusubiri ukutani saa saba, saa nane, saa tisa. Nikadhani fundi mkuu amekubana na kabati za watu. Leo nimekwenda karakana, wameniambia mkeo amekuja, mtoto mgonjwa, mmeondoka na basi la alasiri. Pole. Mungu amponye mtoto.

Nimemwomba dada yako anwani. Amenitazama kuanzia unyayo mpaka utosi, lakini amenipa.

Sasa sikiliza. Jana sikumeza, na wewe hukumeza. Chupa yako iko kwangu, yangu ameondoka nayo nani? Chumbani kwako haimo, mwenye nyumba amenifungulia nikatafuta mpaka chini ya godoro. Lazima iko kwenye begi lako. Kila mmoja ana ishirini zilizobaki. Nilifikiri nimeze zako wewe umeze zangu, yaishe, dawa ni ileile. Ila nikasema kwanza nikuulize, usije ukawa umeisahau kwenye basi.

Nijibu na basi la kesho. Siku zinakwenda.

Msusi

*

19 Machi

Wewe Msusi,

Barua yako kwa mume wangu nimeifungua mimi. Ndiyo, nimeifungua, na ungekuwa mke wa mtu ungeifungua pia. Yeye hajaiona. Mtoto haumwi. Ulikuwa uongo wangu, naye alikuwa na wake wa mzee mlinzi, ambaye ndiye niliyemshonea hilo shati lako la buluu, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Chupa yako niliikuta kwenye begi, imeviringishwa ndani ya soksi. Soksi zake za baridi! Kwenye karatasi ya chupa wameandika: mwanamke, miaka thelathini na nne. Mimi nina arobaini na moja. Sijui kwa nini hiyo namba ndiyo iliyonichoma kuliko yote, lakini damu ilinipanda kichwani. Tulikuwa tumeshafika nyumbani. Nikaenda nayo moja kwa moja chooni nikaimwaga yote, kisha nikaitupa na chupa yenyewe. Sikufichi, nilisikia raha. Raha ya kama dakika tano. Ndipo nikakumbuka ya mume wangu iko kwa nani.

Nilijua utaratibu wenu, alinieleza mwenyewe kwa mwandiko wake. Kwa hasira nilisahau. Nimeketi kwenye cherehani tangu asubuhi nashona mfuko wa suruali, nafumua, nashona tena.

Mume wangu anadhani chupa yako nimekurudishia kwa basi. Nimemwapia. Na nimemwambia akirudi huko hatanikuta hapa, ndiyo maana ametulia.

Sina uso wa kukuomba, na bado naomba. Zile ishirini ulizonazo ni zake. Ukizimeza wewe sitakuwa na neno, kwa sababu ningekuwa wewe ningezimeza. Lakini nina watoto wawili wanaosubiri baba apone. Sijui wewe una nani.

Mke wa Seremala

*

20 Machi

Dada,

Dereva amekupa kifurushi pamoja na barua hii. Hesabu mbele yake: ishirini. Kimoja kimelainika pembeni. Nilikitia mdomoni jana baada ya kusoma barua yako, nikakiacha juu ya ulimi, kisha nikakitema. Kikaushe, bado ni dawa. Leo ni siku ya nne tu hajameza, hajavuka saba. Aanze kesho na asiruke tena.

Umeuliza nina nani. Sina. Mama alishanifuta, kaka zangu wakiniona wanavuka barabara. Nasuka nywele kibarazani mwa watu, mikono ikitulia nasuka vizuri, isipotulia wateja wanakwenda kwa mwingine. Na ni kweli najidunga, si kila siku kama zamani, ila najidunga. Kituo kinanipa sindano mpya za kutosha, siazimi wala siazimishi, na daktari alisema dawa ya ini inafanya kazi hata kwa sisi ambao hatujaacha. Nilimeza sitini na nne bila kuruka hata moja. Katika maisha yangu sijawahi kumaliza kitu chochote, dada. Hata shule. Nilikuwa nazihesabu kila siku.

Mumeo hakunigusa. Alikudanganya kuwa mimi ni mzee kwa woga wa wivu wako, nilimwambia huo ni ujinga akanicheka. Shati aliniambia ni lake limembana. Ningejua ni la mzee wa uongo nisingelivaa.

Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia yeye. Mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe. Kila siku saa saba ni mke wangu hivi, mke wangu vile, mke wangu anashona kola bila kupima. Nilikuwa namchungulia mdomo huku natamani anyamaze. Niliposikia umepanda basi kuja kumchukua, nilikaa nikafikiri: mimi hakuna mtu duniani angenifuata hata mtaa wa pili kunigombania. Hilo nalo liliniuma kuliko vile vidonge.

Msusi

*

11 Aprili

Msusi,

Juzi nimemeza cha mwisho! Mke wangu alinifungulia mdomo akachungulia kwa tochi, tena kwa dakika nzima, nadhani alikuwa anatafuta na mengine. Nyumbani kumetulia kiasi. Anajua kila kitu, na kesi ya mzee mlinzi nimehukumiwa, kifungo chake bado natumikia.

Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga, na kwa kuondoka na chupa yako. Aliniambia alikurudishia kesho yake kwa basi, nikashusha pumzi. Bila shaka na wewe umemaliza siku hizihizi. Tusubiri majibu ya damu, wiki kumi na mbili. Kaza moyo.

Seremala

*

15 Aprili

Seremala,

Hongera. Ndiyo, na mimi nimemaliza. Msalimie mkeo.

Msusi

*

8 Julai

Msusi,

Majibu ya mume wangu yametoka juzi. Hana. Damu safi, hakuna hata chembe. Daktari wa hapa amesema ini lenyewe litachukua muda kujitibu lakini limeshaanza. Watoto wamemrukia mpaka akaanguka.

Unajua alisema nini baada ya kushukuru Mungu? Alisema, "Sijui Msusi kapata majibu gani." Mke yuko mbele yake analia kwa furaha, yeye Msusi. Nilitamani kumzaba kofi. Amekuandikia mara nne tangu Aprili, najua kwa sababu barua nazipeleka mimi stendi. Hujibu.

Ile moja uliyomjibu niliisoma. Ulisema umemaliza. Umemaliza na nini? Mimi na wewe tunajua vidonge vyako viko wapi. Kwa nini ulinifichia siri yangu? Nilikuwa tayari kwa matusi yako, nilikuwa nayangoja. Umenipa wema ambao sina pa kuuweka. Kila nikimwona amejaa mashavu, anakula, anaimba akipiga randa, nakuona wewe umekaa katikati yetu. Wivu wa mwanamke mwenye sura nzuri nauweza. Huu siuwezi.

Niambie ukweli hali yako. Na kama kuna la kufanya, nitakuja mimi nikutunzie chupa, nipange chumba, cherehani nitabeba. Nimesema kweli.

Mke wa Seremala

*

11 Julai

Dada,

Umeomba ukweli, chukua. Siku ya nane muuguzi aliita chupa zikaguliwe. Ningesema mumeo amehama na chupa yangu, si kwamba amesafiri kidogo kama walivyodhani, na yeye wangemwondoa kwa kosa la kuhama bila ruhusa. Muuguzi akasema, "Umeuza." Sikukataa. Akaliandika kwenye kadi yangu kwa kalamu nyekundu.

Damu imepimwa mwezi uliopita. Virusi vipo. Nachoka nikipanda ngazi, na mguu ukibonyezwa unabaki na shimo. Daktari mpya ameisoma kadi yangu, akaniuliza kwa upole kilichotokea, na nikamweleza yote bila kutaja majina. Ameniruhusu nianze upya, dawa tofauti kidogo, Jumatatu ya tarehe ishirini. Shida ni moja. Lazima awepo wa kunitunzia chupa, mgonjwa mwenzangu au mtu aliyekwisha kumaliza dawa, na hapa hakuna anayetaka kupangwa na mtu aliyeuza. Nisipompata, nafasi anapewa mwingine.

Asante kwa kujitolea. Lakini hapana. Kwanza wewe hukuwahi kumeza dawa hizi, hawatakukubali. Pili, usinichukie, chupa yangu siwezi kuiweka kwa mtu aliyekwisha kuimwaga.

Namtaka Seremala. Wiki kumi na mbili, saa saba mchana, basi. Nimeandika na kuchana barua hii mara mbili kwa sababu najua ninachokuomba. Ukikataa nitaelewa, na yeye hatajua kuwa niliomba.

Msusi

*

15 Julai

Msusi,

Nimekaa na barua yako siku tatu ndani ya sidiria, sikuthubutu kuiweka mezani. Siku ya kwanza nilikataa. Nilikataa kwa sauti, peke yangu, nikitia uzi kwenye sindano. Nilisema nimemtoa huko mara moja kwa meno yangu, simrudishi. Huko ndiko alikoanzia kujidunga. Huko kuna wewe. Siku ya pili nilikataa tena, ila kwa sauti ndogo.

Jana nimemweleza yote. Chooni, dakika tano za raha, vidonge ishirini, kalamu nyekundu. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimewapeleka watoto kwa jirani kabisa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitoka akaenda kupiga randa ubao mmoja tangu saa nne mpaka saa kumi, ukabaki mwembamba haufai kitu. Kisha akaingia akaniuliza begi lake nimeliweka wapi.

Nimempakia mwenyewe. Anafika Jumapili na basi la asubuhi. Atalala kwa dada yake, si kile chumba cha zamani, na hilo si ombi. Karakana wamekubali kumrudisha. Nimemwambia akiisikia hamu ya sindano, hata kwa mbali, aende kwa daktari kabla ya kuja kwako.

Usidhani nimekuwa mtu mwema. Sikupendi, Msusi. Nitahesabu siku themanini na nne, na kila siku ikifika saa saba mchana nitaacha kushona, nitajua ameketi ukutani na wewe, na nitaumia. Niache niumie, ni haki yangu. Wewe meza. Fungua mdomo aone. Usiruke hata siku moja, maana hii ukiimwaga wewe nitakuja huko na mkasi.

Na siku majibu yakitoka safi, hata kama amesimama pembeni yako, usimwambie yeye kwanza. Niandikie mimi.

Mke wa Seremala